Anayesafiri Si Sisi

Neno la jioni ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, mbele ya wanausharika jijini Dar es Salaam

Bwana Yesu asifiwe.

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu, kaka zangu na dada zangu, nanyi watoto mliokaa mbele karibu na mishumaa, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema jioni hii. Nilifundisha shule ya msingi miaka 34, na mwalimu akipewa jambo la kueleza huanza na neno lenyewe. Nami nina maneno mawili, moja la mtaani na moja la kanisani.

La mtaani ni hili. Tangu katikati ya Novemba nimeulizwa swali lilelile dukani, kwenye daladala, kwenye foleni ya benki: "Mwalimu, unakwenda lini kuhesabiwa?" Hakuna asiyelijua. Desemba ikifika Wachaga tunapanda mabasi kwenda Moshi, na nchi nzima inatutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo umechotwa Luka sura ya pili, pale Kaisari Augusto alipotoa amri kila mtu akaandikwe mjini kwao, Yusufu akapanda kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu pamoja na Mariamu mposwa wake, naye ni mja mzito. Wanaotutania hawajui kuwa wanahubiri, lakini wanahubiri. Wametuingiza kwenye habari ya Krismasi na kutupa nafasi ya wasafiri.

Na kweli ni safari. Mnajua kituo cha mabasi cha Mbezi kilivyo kuanzia tarehe 18: maboksi yamefungwa kwa kamba, watoto wamelala juu ya mabegi, nauli imepanda, mtu ana tiketi mkononi na bado hana uhakika wa kiti. Kilomita zaidi ya 500. Desemba 2019, treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20, watu wazima tulifurahi kama watoto, maana hata njia ya kwenda nyumbani mtu huikosa, akaitamani.

Kwa hiyo mwezi huu wote mawazo yetu yako barabarani. Sisi ndio tunaokwenda, sisi ndio tutakaofika.

Sasa lichukueni neno la kanisani: Majilio. Tunalisema kila mwaka, tunaliandika kwenye ratiba ya ibada, hatulisikilizi. Kuja, kujia, kujilia. Mtu akija, amekuja tu, pengine anapita. Akikujia, amekuja kwako, wewe ndiye aliyekusudia kumfikia. Neno Majilio limetoka huko. Wazee wetu wangeweza kusema "ujio" wakaishia hapo. Wakachagua neno lenye mtu mwingine ndani yake, yule anayefuatwa alipo.

Kama ni hivyo, basi katika majuma haya manne anayesafiri si sisi. Mahali petu si kituo cha Mbezi. Mahali petu ni kule mwisho wa barabara, juu mlimani, kwenye nyumba ya mtu anayengoja.

Niruhusuni niwapeleke kwenye nyumba moja ya namna hiyo.

Kwetu ni upande wa Marangu. Mama yangu alikuwa akianza kutungoja juma la kwanza la Desemba. Alifua mashuka kwa buluu na kuyaanika juu ya mibuni. Alizunguka kihamba, shamba letu la ukoo, akaitazama migomba ya mshare, akachagua mkungu mmoja na kutangaza kwamba huo usiguswe na mtu, ni wa mtori wa wanangu. Alifagia uani asubuhi, akafagia tena jioni, na majani ya migomba yakaanguka tena usiku. Wakati huo hatukuwa na simu. Barua ilisema tu "tutakuja karibu na sikukuu", na "karibu na sikukuu" inaweza kuwa siku yoyote kati ya kumi.

Usiku aliweka taa ya chemli dirishani. Magari yanayopanda kule hulia gia kwenye mteremko, na mama aliyajua kwa sauti: hili ni lori la ndizi, hili ni la misheni, hili silijui. Akisikia asilolijua, aliinuka na kupandisha utambi, nyumba nzima ikawa na mwanga hadi uani. Gari likipita bila kusimama, aliushusha utambi ili mafuta yasiishe. Hakuuzima. Aliushusha ukabaki kama punje ya mtama mwekundu, akarudi kukaa.

Nimekuwa nikiufikiria utambi ule miaka mingi. Nabii Isaya anasema juu ya mtumishi wa Bwana kwamba utambi utoao moshi hatauzima. Kila nikisoma mstari huo naona vidole vya mama kwenye kile kigurudumu kidogo cha pembeni mwa chemli, anavyokizungusha polepole.

Ninachotaka kusema sasa kinanigusa mwenyewe. Kuanzia 1998 hadi 2003 sikwenda nyumbani. Niliyoyatoa kama sababu yalikuwa ada za watoto na nauli. Sababu hasa ilikuwa kaka yangu. Baba kabla hajafariki alinikatia kipande cha kihamba upande wa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, na kaka akasema mwanamke hapewi kihamba. Tukasemana mbele ya wazee, siku chache baada ya kumzika baba. Nilikuwa na haki ya kile kipande. Sikuwa na haki ya maneno niliyomwambia kaka siku ile, nami niliyajua ni maneno gani. Nikaondoka. Kila Desemba nikamtumia mama pesa kwa mkono wa watu waliokuwa wanapanda, nikaona nimefika.

Mama hakuwahi kunilaumu. Aliyeniambia ni jirani yetu, mwaka nilioporudi. Akasema: "Mwaka ule wa pili mama yako alikaa na taa hadi saa nane ya usiku, mkesha wa Krismasi. Nikamwambia, mama, lala, hawaji tena. Akaniambia, labda gari limeharibika Same."

Labda gari limeharibika Same. Wanaoijua ile barabara wanajua Same ilipo. Ni mbali kidogo na nyumbani, lakini safari yote ndefu imeshakwisha. Mama hakusema labda hawajaondoka Dar. Katika mawazo yake sisi tulikuwa njiani tayari.

Jirani akaongeza kwamba alilia. Sitaki mdhani mama yangu alikuwa mtu wa mwamba. Alilia akiwa amekaa kando ya taa, akachambua maharage huku analia, akalala saa nane, akaamka saa kumi na moja kwenda ibada ya Krismasi.

Tumaini tumelibandika kila mahali katika nchi hii. Kuna zahanati ya Tumaini, duka la dawa la Tumaini, shule ya Tumaini. Limekuwa neno la kufurahisha, neno la rangi ya kijani ukutani. Asili yake ni Kiarabu, na kule linakotoka linabeba utulivu, moyo uliotua. Si msisimko. Nami nashukuru lugha yetu imelipokea likiwa na uzito huo, maana ndilo nililoliona kwa mama: moyo uliotua ndani ya mtu ambaye macho yake yana machozi. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Hamu ilimliza, na tumaini likaiacha taa ikiwaka.

Makanisani mwetu tunaiogopa hamu. Mtu akisema "nimechoka kungoja", tunamkimbilia na neno la kumfariji kabla hajamaliza sentensi. Mama aliyefiwa na mtoto anaambiwa juma lile lile kwamba Mungu ana makusudi yake. Kijana aliyehitimu miaka mitano iliyopita na hana kazi anaambiwa wakati wa Bwana ndio wakati sahihi. Pengine ni kweli. Lakini Zaburi ya 13 inaanza na "Ee Bwana, hata lini?", na hakuna malaika aliyetumwa kumkatiza Daudi. "Hata lini" ni sala. Majilio ni majuma manne ambayo Kanisa limejipa kuisali sala hiyo bila aibu, limevaa zambarau, kabla ya nyimbo za furaha.

Sisi wa Kilimanjaro kungoja tunakujua na kama kanisa. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika kwetu mwaka 1893. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa nchini. Sharika changa zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa. Wachungaji wa kwanza wenyeji walibarikiwa mwaka 1934. Hesabuni wenyewe, ni miaka 14. Ibada ziliendelea, watoto wakafundishwa, walioamini wakaongezeka. Wale walimu, wengi wao hatuna hata picha zao, waliishusha taa bila kuizima, na sisi tulio hapa tumetokana nao.

Lakini kuna mmoja katika Maandiko ambaye kungoja kwake kunanisumbua kuliko wote, naye ni Yohana Mbatizaji. Katika Jumapili za Majilio tutamsoma akiwa mtoni Yordani, sauti kubwa, shoka limewekwa kwenye shina la miti. Mathayo sura ya 11 inatuonyesha Yohana mwingine. Yuko gerezani. Herode amemfunga kwa sababu alimwambia ukweli kuhusu mke wa ndugu yake. Mwanahistoria Myahudi Josephus anasema ilikuwa ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, nchi kavu yenye joto kali. Mtu huyu aliyemwonyesha Yesu kwa kidole mbele ya watu, sasa anawatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Nilipokuwa kijana nilihubiriwa kwamba Yohana aliuliza kwa ajili ya wanafunzi wake, yeye mwenyewe hakuwa na shaka. Siamini hivyo tena. Naamini aliuliza kwa sababu siku zilikuwa zinapita na mlango haufunguki.

Sasa sikilizeni jibu. Yesu anasema, mwambieni Yohana mnayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Maneno hayo yanatoka katika Isaya, na Yohana alimjua Isaya. Alijua pia kwamba katika sura ya 61 habari njema kwa wanyenyekevu inafuatana na jambo jingine, waliofungwa kufunguliwa. Yesu mwenyewe aliusoma unabii huo kwa sauti katika sinagogi la Nazareti. Katika jibu kwa Yohana, hilo la wafungwa halimo.

Fikirini wale wanafunzi wanarudi, wanasimama kwenye kidirisha cha gereza, wanamsomea mwalimu wao orodha. Anasubiri neno moja. Orodha inakwisha.

Yohana hakutoka. Tunajua habari ya sinia lililobeba kichwa chake. Na Yesu, wale wajumbe walipokuwa wanaondoka, aliugeukia umati akasema kwamba katika waliozaliwa na wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko yeye. Hakumkemea kwa kuuliza. Alimsifu muda uleule alipotoka kuuliza.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu najua kuna watu humu ambao orodha yao imekwisha bila lile neno lao kutajwa. Wengine walipona, mume wako hakupona. Wengine walipata mtoto. Sina jibu ambalo Yohana hakupewa. Nina hili tu: aliyeuliza kutoka gerezani aliitwa mkuu, na kazi aliyoingoja ilikuwa inaendelea kweli, nje ya ukuta asioweza kuona ng'ambo yake.

Watoto, nyie ndio mmevumilia sana. Niwaambie hii mishumaa ilikotoka. Mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani, kulikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini, na mlezi wao aliitwa Johann Hinrich Wichern. Watoto walimuuliza kila siku, Krismasi bado siku ngapi? Kila siku! Kama mnavyotuuliza sisi. Hakuwaambia nyamazeni. Alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akaweka juu yake mishumaa minne mikubwa myeupe ya Jumapili na midogo myekundu ya siku za kati, wakawa wanawasha mmoja kila siku ili wahesabu wenyewe. Baadaye ikabaki ile minne tu, ndiyo hii. Mimi napenda kwamba lilikuwa gurudumu. Kitu cha safari, kikalazwa mezani, kikatulia, kikashika taa.

Kungoja si kukaa tu, hilo mmeliona kwa mama. Isaya 40 inasema itengenezwe njia ya Bwana nyikani, kila bonde liinuliwe, kila mlima ushushwe. Mtu wa tambarare anaweza kulisoma kama shairi. Sisi tuliokulia kati ya makorongo, kwenye udongo mwekundu unaoteleza mvua za vuli zikinyesha, tunajua linasema nini. Mwisho wa Novemba wanaume wa kwetu walitoka na majembe na mawe wakafukia mashimo, maana gari la wageni likikwama kwenye korongo, hata upike mtori wa namna gani, utapoa.

Yohana alipoyarudia maneno hayo hakuwa anazungumzia majembe. Alikuwa anasema tubuni. Ndiyo maana zambarau ya leo ni ileile ya Kwaresima.

Korongo langu lilikuwa mpaka wa kile kihamba. Wachaga tunapanda masale kwenye mipaka, na tunayapanda makaburini. Na mtu aliyekosa akitaka kuomba msamaha, huenda na jani la isale, na anayepelekewa hawezi kulikataa kwa wepesi. Desemba 2004 nilipanda Marangu mapema kuliko wengine. Nilikwenda mpakani, palepale tulipogombania, nikakata jani moja kwenye masale aliyoyapanda baba. Nikalipeleka nyumbani kwa kaka. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Korogwe. Alifungua mlango, akaliona jani, na maneno yote yakanipotea.

Hakusema kitu. Alilipokea kwa mikono miwili, akatazama huku na huku kama mtu asiyejua aliweke wapi, mwisho akalichomeka nyuma ya kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani. Halafu akamwita mkewe alete kiti.

Suala la kipande lilichukua miaka mingine miwili, wazee wakalimaliza. Lakini mkesha wa Krismasi ule mama hakuweka taa dirishani. Aliiweka mezani, katikati yetu.

Mama alitangulia mwaka 2012. Mwaka huu nitapanda tarehe 20, na nyumba ile hakuna mtu anayesikiliza gia za magari. Hivyo nilidhani. Jumatano iliyopita kaka alinipigia simu. Tukaongea habari za ndizi, za mvua, za goti lake. Kisha akaniambia ameitafuta ile chemli stoo, ameisafisha kioo, amenunua utambi mpya.

Nikamuuliza ya nini, umeme si upo?

Kaka ana kijana aliyekwenda Sauzi miaka minne iliyopita. Tangu mwaka juzi simu yake haipatikani. Hatumtaji sana tukiwa pamoja. Kaka, mtu yuleyule asiyejua kusema mengi, akanyamaza kidogo kwenye simu. Nikasikia mbwa wanabweka upande wake, nikasikia ameinuka kwenda kuangalia, amerudi. Akasema:

"Dada, huwezi jua. Labda gari limeharibika Same."

Watoto, sogeeni. Aliye karibu na kiberiti asimame. Leo tunawasha mshumaa mmoja. Ile mitatu muiache kwanza.